Msaada: napakuaje video za darasani bila kuingiza virusi kwenye laptopu ya shule?

Mwalimu_Ukerewe

Habari za jioni wakuu.

Nafundisha Sayansi na Teknolojia darasa la tano na la sita kwenye shule ya msingi huku Ukerewe. Mwaka huu wazazi na watu waliosoma hapa zamani walituchangia projekta moja, na laptopu tuliyonayo ni ile ya ofisi ya mwalimu mkuu. Umeme upo, intaneti ya shule haipo. Kwa hiyo nataka video ziwe mkononi kabla sijaingia darasani: moyo unavyosukuma damu, mbegu inavyoota, jua linavyopatwa. Mtoto niliyemchorea moyo ubaoni kwa chaki, siku akiuona ukidunda ukutani anauliza maswali ambayo hajawahi kuniuliza. Nimeliona hilo kwa video moja tu niliyoazima kwa mwenzangu wa Nansio, na tangu hapo nimekuwa na hamu ya kuzipata nyingine.

Shida ni namna ya kuzipata. Nikitafuta jinsi ya kupakua, naletewa kurasa ambazo unabandika linki ya video halafu wanakupa faili. Ukurasa mmoja una vitufe vinne au vitano, vyote vya kijani, vyote vimeandikwa Pakua. Kimoja kinafungua kamari. Kingine kinasema simu yangu imejaa virusi, nibonyeze haraka kabla haijaharibika. Kingine kinashusha faili la APK, yaani la kusakinishia programu kwenye simu ya Android, ambalo sikuliomba. Jana ukurasa mwingine uliniambia nibonyeze Ruhusu ili kuthibitisha kwamba mimi si roboti. Nikafunga, nikaja kuuliza hapa.

Laptopu ile ina alama za watoto wote na barua za ofisi. Simu yangu nayo ndiyo yenye laini ninayowekea pesa. Mwalimu wa shule jirani aliweka programu ya kupakulia video aliyotumiwa kwenye grupu. Tangu hapo salio linaisha lenyewe na matangazo ya uchi yanatokea katikati ya kazi yoyote. Nikifikiria picha ile itokee ukutani mbele ya darasa zima, najisikia vibaya kabisa.

Naomba kujua: video yenyewe inaweza kuwa na virusi? Kitufe cha kweli nakitambuaje? Na je, kwenda kupakulia steshenari halafu nibebe kwenye fleshi ni salama zaidi, au ndiyo hatari zaidi?

Natanguliza shukrani.

Dogo_Buzuruga

Mkuu hilo dogo. Weka Snaptube, ile programu ya kupakulia video, mambo yameisha. Kwenye Play Store haipo lakini APK yake iko kila mahali, mimi natumia tangu nipo sekondari na simu yangu iko freshi. Niachie namba inboksi nikurushie WhatsApp sasa hivi, achana na hizo kurasa.

Mama_Shani_Fundi

Mwalimu, pole na kazi, na hongera kwa unachowafanyia hao watoto. Nina kibanda cha ufundi wa simu na kompyuta hapa Mwanza, na simu za namna hiyo ya mwenzako ninaletewa kila wiki. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hapo pana alama za watoto na pesa za mtu.

Dogo, nakuomba usimrushie mwalimu APK. Oktoba 2019 kampuni ya usalama wa simu iitwayo Upstream ilitoa ripoti kuhusu hiyo hiyo Snaptube: kwamba kimyakimya ilikuwa ikibonyeza matangazo na kuwaunganisha watu na huduma za kulipia wasizoziomba, huku ikila bando. Wenye programu wakajibu kwamba kosa lilikuwa kwenye kipande cha kampuni nyingine walichokuwa wamekiweka ndani. Sawa, inawezekana. Lakini mtumiaji alikuwa haoni chochote kwenye kioo, kwa hiyo kusema "sijawahi kupata tatizo" hakumhakikishii mwalimu lolote. Na APK ya kurushiana WhatsApp imeshapita mikono mingi. Anayetaka anaifungua, anachomeka mambo yake ndani, anaifunga upya kwa jina lilelile na picha ileile. Wewe mwenyewe, Dogo, huna namna ya kujua kama uliyonayo ndiyo iliyotoka kwa mwenyewe.

Sasa swali lako la kwanza, mwalimu. Video yenyewe kuwa na madhara hutokea, ila ni nadra. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro kwenye Android iliyopewa jina la Stagefright, ambapo video iliyotengenezwa kwa hila iliweza kumwingiza mtu kwenye simu. Mwaka 2017 kampuni ya usalama wa kompyuta ya Check Point ilionyesha kwamba hata faili la maandishi ya chini ya filamu lingeweza kutumiwa kuishika kompyuta kupitia VLC na vichezeshi vingine vya video. Zote hizo zilizibwa. Kwa hiyo kwa upande wa video, kinachotakiwa ni kuwa na kichezeshi kipya na simu iliyosasishwa. Chukua VLC kwenye videolan.org, uandike anwani hiyo kwa mkono wako, maana ukitafuta tu jina unaweza kuangukia tangazo la mtu mwingine lililokaa juu ya ukurasa halisi.

Watu wanaoniletea simu na laptopu hawakuumizwa na video. Waliumizwa na kitu walichoombwa kukiweka au kukiruhusu njiani wakiifuata video. Ukienda mwaloni kununua sangara, muuzaji anataka pesa yake. Akikuomba ufunguo wa nyumba yako utaondoka hapo hapo. Video nayo inahitaji kichezeshi tu. Haihitaji kusoma meseji zako, wala kupewa ruhusa ya Ufikivu, wala kutuma arifa, wala kodeki mpya (kipande cha programu cha kusomea aina fulani ya video), wala Flash Player, programu ya zamani ya kuchezea video kwenye brauza. Hii ya mwisho niitilie mkazo, kwa sababu bado naiona: Adobe waliacha kabisa kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020. Ukurasa wowote unaokuambia leo usasishe Flash ili video icheze unakudanganya, hakuna haja ya kuchunguza zaidi.

Ruhusa ya Ufikivu ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Iliwekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri au wasioweza kubonyeza, kwa hiyo programu iliyopewa ruhusa hiyo inaweza kusoma kilichoko kwenye kioo na kubonyeza badala yako. Ukiongeza na ruhusa ya kusoma meseji, umempa mtu njia ya kuona namba za uthibitisho zinapoingia.

Kuhusu zile kurasa za kubandika linki. Baadhi yao kweli hukupa MP4, ila wanaishi kwa matangazo, na matangazo hayo wenyewe hawayachagui. Machi 2025 Microsoft walieleza shambulio lililogusa karibu vifaa milioni moja duniani, na chanzo chake kilikuwa matangazo yaliyopachikwa kwenye kurasa za kuangalia filamu kwa wizi. Mwezi huohuo ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, iliwaonya watu kuhusu kurasa za bure za kubadilisha mafaili, zikiwemo za kugeuza video kuwa sauti, kwamba nyingine zinakupa kile ulichoomba na virusi juu yake. Kwa hiyo ushauri wangu ni uziache kabisa. Lakini najua kuna siku utajikuta kwenye ukurasa kama huo kwa sababu yoyote, basi angalia haya.

Kwenye kompyuta, weka mshale juu ya kitufe bila kubonyeza, uangalie pembeni chini kushoto mwa brauza: anwani ya kule kitakakokupeleka itatokea. Ikiwa ni jina geni lisilohusiana na ukurasa uliopo, hicho ni tangazo. Kwenye simu, kishikilie kwa muda mpaka anwani itokee. Faili likishuka, angalia ukubwa na herufi za mwisho wa jina. Video ya dakika kumi kwa ubora wa 480 ni makumi ya MB. Ukiletewa kitu cha MB 2 hakiwezi kuwa video hiyo. Jina liishie na mp4, mkv, webm au 3gp. Likiishia na apk, exe, msi, scr, bat au lnk, lifute bila kulifungua. Windows yenyewe huficha herufi hizo, kwa hiyo faili linaloitwa moyo.mp4.exe utaliona limeandikwa moyo.mp4 tu. Kwenye Windows 11 fungua folda yoyote, nenda View, kisha Show, utie tiki File name extensions. Kwenye Windows 10 iko hapohapo kwenye View. Fanya hivyo leo kwenye laptopu ya shule, hata kama hutapakua kitu.

Zip yenye paswedi iliyoandikwa pembeni ya kitufe, iache. Paswedi hiyo imewekwa ili antivairasi isiweze kuona kilichomo ndani. Na ukiona ukurasa unakuambia ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter, ili kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu, funga brauza yote. Hapo wanakuwekea amri mkononi ili uiendeshe mwenyewe kwenye kompyuta yako, na antivairasi nyingi huchelewa kwa sababu mwenye kompyuta ndiye aliyeamuru.

Antivairasi ya bure: kwenye Windows ile iliyokuja nayo, Microsoft Defender, inatosha ikiwa inasasishwa. Laptopu isiyo na intaneti haisasishwi, na kama ni Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ndiyo maana ningekuwa wewe, laptopu ya ofisi isingeguswa na intaneti kwa kazi hii hata mara moja. Pakua kwenye simu yako, kisha uhamishe kwa waya wa USB mafaili ya video peke yake, yale uliyoyahakikisha jina na ukubwa.

Steshenari hapana. Nawaheshimu wenye steshenari, ni majirani zangu, lakini kompyuta zao zinapokea fleshi za kila mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Virusi vile vinavyoficha mafolda yako na kuacha njia za mkato zenye majina yaleyale vinaishi humo.

Mwalimu_Ukerewe

Shikamoo Mama Shani. Asante sana, nimesoma mara mbili na mwalimu mkuu nimemsomea.

Nina mawili. Lile faili la APK lililojishusha bado liko kwenye simu yangu, sijalifungua. Je, limeshaniathiri? Na yule mwenzangu wa shule jirani tumsaidieje, maana anaogopa hata kuangalia salio.

Halafu, kama kurasa hizo naziacha na Snaptube naiacha, video nazitoa wapi? YouTube kuna kitufe cha Pakua lakini nikibonyeza sioni faili popote.

Mkutubi_Kisumu

Hamjambo nyote. Mwalimu, mimi nasimamia maktaba ya jamii hapa Kisumu na shida yenu ilikuwa yetu pia, kwa sababu intaneti yetu huja na kupotea.

Tunatumia Kolibri. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality, iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya mahali pasipo na intaneti. Unaiweka kwenye kompyuta yenye mtandao mara moja, unachagua masomo unayoyataka tu, si lazima ubebe kila kitu, halafu unayatoa kwenye diski na kuyaingiza kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuona intaneti. Masomo ya Khan Academy yamo, na katuni za elimu za Ubongo Kids wa kwenu Dar es Salaam zimo. Watoto wetu wanawapenda hao Ubongo sana kwa sababu Kiswahili chao kinaeleweka bila mwalimu kusimama kutafsiri kila sentensi.

Jambo moja ninalolisisitiza kwa wasomaji wetu: pakua kwa mwenye mali anayeruhusu kupakua. Wikimedia Commons wanakuonyesha wazi ruhusa ya kila video, na Internet Archive huionyesha pale aliyeiweka video alipoitaja, kwa hiyo huko angalia kwanza; vitufe vyao vya kupakua si vya kukudanganya. Hakuna tangazo hata moja pale. Usalama na haki za aliyetengeneza hukaa mahali pamoja zaidi ya vile watu wanavyodhani, kwa sababu mtu anayekupa kilicho chake kwa hiari hana sababu ya kukuficha kitufe.

Dogo_Buzuruga

Mama Shani nimekuelewa, hiyo ya Upstream sikuwahi kuisikia. Swali langu: kuna jamaa wananiambia yt-dlp, programu nyingine ya kupakulia video, ndiyo safi, vipi hiyo?

Mama_Shani_Fundi

Marahaba mwalimu. Na asante Mkutubi, Kolibri umenikumbusha jambo zuri.

APK uliyoshushiwa na hukuifungua haijafanya kitu. Iko pale kama faili tu. Nenda kwenye folda ya Vipakuliwa uifute, basi. Baada ya hapo ingia Mipangilio, Programu, Ufikiaji maalum, Sakinisha programu zisizojulikana. Tangu Android 8 ruhusa hiyo hutolewa kwa kila programu peke yake, kwa hiyo hakikisha Chrome na WhatsApp zote mbili zimezimwa. Hivyo hata kidole kikiteleza, simu itakataa. Majina ya menyu hutofautiana kidogo kati ya Tecno, Samsung na Infinix, ila ukiandika neno "zisizojulikana" kwenye sehemu ya kutafutia ndani ya Mipangilio utaiona.

Kwa mwenzako, kitu cha kwanza kabisa ni laini. Aitoe kwenye simu hiyo aiweke kwenye kitochi, abadilishe namba ya siri ya pesa akiwa kwenye kitochi hicho, na aendelee kuitumia humo mpaka simu isafishwe. Watu wengi hubadilisha namba ya siri kwenye simu ileile yenye ugonjwa, na hapo wanamsomea mwizi namba mpya. Kisha simu aizimie data, aingie kwenye orodha ya programu aiondoe ile aliyoweka kutoka kwenye grupu. Ikikataa kuondoka, aangalie kwenye usalama sehemu ya wasimamizi wa kifaa na kwenye Ufikivu, aizime huko kwanza, halafu aiondoe. Ikikataa hata hapo, ahifadhi picha na namba zake, simu irudishwe upya kama ilivyotoka kiwandani. Programu zake nyingine azichukue upya Play Store, asirudishe APK yoyote aliyokuwa ameihifadhi.

Matangazo ya uchi yakiendelea kuja kama arifa hata baada ya kuondoa programu, mara nyingi yanatoka kwenye brauza, kwenye ukurasa aliowahi kuubonyezea Ruhusu. Chrome, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa: azime kila tovuti asiyoijua. Arifa hizo peke yake hazimaanishi kwamba simu yake ina virusi, na asimlipe fundi yeyote pesa ya kuflashi kwa sababu hiyo peke yake. Nasema hivi na mimi ni fundi. Salio nalo apige huduma kwa wateja wa mtandao wake aombe waorodheshe huduma alizounganishwa na wazifute. Akianza kupata meseji za kitapeli, azielekeze 15040, ndiyo namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ya kuripotia.

YouTube: kitufe chao huhifadhi video ndani ya programu yao wenyewe, huwezi kuihamishia kwenye laptopu, na masharti yao hayaruhusu kupakua kwa njia nyingine bila ruhusa. Dogo, yt-dlp programu yenyewe ni ya wazi, mtu yeyote anaweza kusoma ilivyoandikwa, na haina matangazo. Lakini inatumika kwa kuandika amri kwenye dirisha jeusi, na makao yake ni GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao. Ukiona ukurasa wa rangirangi unaojiita yt-dlp wenye kitufe kikubwa, huo si wao. Mimi naitumia kwa video ambazo mwenyewe ameruhusu. Kwa mwalimu sioni haja, Ubongo, Commons na Kolibri zitamtosha muhula mzima.

Mwalimu, Commons video zao nyingi ni webm. VLC inazicheza, kile kichezeshi cha Windows wakati mwingine hugoma, usije ukadhani faili limeharibika ukaanza kutafuta kodeki. Kama una kadi ya memori na kile kiadapta chake kikubwa, pembeni kina kitufe kidogo cha kufungia. Ukishaweka video, kisukume upande wa kufunga kabla ya kuichomeka kwenye kompyuta ya mtu mwingine. Kompyuta nyingi zitaisoma bila kuandika kitu, ingawa si zote zinazokiheshimu kitufe hicho. Kwa shule mbili zinazoazimana video, hiyo inafaa kuliko fleshi.

Na la kupatwa kwa jua anza na NASA, images.nasa.gov. Kila video pale ina ukubwa tofauti wa kuchagua. Chukua ile ndogo, projekta ya darasani haitakuonyesha tofauti na bando lako litabaki.